Daktari wa sikio anatafuta nini karibu na ubongo?

Ukisimama kwa foleni ya kliniki ya masikio pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, uulize watu daktari wa masikio kazi yake ni gani, wengi watakwambia anasafisha uchafu, anatoa punje ya mahindi yenye mtoto amejisukumia ndani, anaandika dawa ya matone, basi. Na hayo yote ni kweli na ni kazi muhimu sana. Lakini ukiifuata njia hiyo hiyo mpaka mwisho unakutana na daktari mwingine, naye alianza tu na masikio, ila sai anafungua mfupa wa kichwa, anapita katikati ya mishipa mikubwa ya damu, anafika mahali ubongo umekalia, anatoa uvimbe, anafunga, halafu kesho yake asubuhi ako darasani na wanafunzi na jioni ako maabara na utafiti wake. Wengi hawajui kama kazi ya hivyo iko, na wenye wameskia wanachanganyikiwa, huyu ni wa masikio ama wa ubongo? Na kama ni profesa si angekaa darasani awaachie wengine kisu?

Nataka nilifungue hilo fundo polepole, manake naona huku western tunalihitaji kuliko tunavyodhani, na hasa hiyo sehemu ya uprofesa, ambayo watu huiona kama pambo la jina tu.

Tuanze na sikio lenyewe. Hii yenye tunavalia heleni ni mlango tu. Ndani kuna shimo, mwisho wa shimo kuna ngoma, na nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo cha hewa chenye mifupa mitatu imeshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi. Sauti ikigonga ngoma, mifupa hiyo inatikisika na kusukuma maji yaliyo ndani ya koklea, kitu kimejizungusha mizunguko miwili na nusu hivi, na humo ndani kuna seli zenye vinywele kama 15,000 kwa kila sikio, ndizo zinageuza mtikisiko kuwa umeme wa kupelekwa kwa ubongo. Seli hizo zikikufa kwa binadamu hazirudi. Kwa kuku zinarudi, anapoteza usikivu na baada ya wiki kadhaa anaskia tena, na tangu hilo ligunduliwe miaka ya 1980s watu wamekesha kwa maabara wakitafuta vile binadamu naye anaweza kuoteshwa zingine, bado haijapatikana dawa. Kando ya koklea kuna vifereji vitatu vya nusu duara, hivyo havina shughuli na kusikia, ni vya balansi, vinaambia ubongo kichwa kimegeuka upande gani.

Sasa hayo yote yamefukiwa ndani ya mfupa mmoja wa pembeni ya kichwa, na sehemu yake ya ndani ni ngumu sana, ngumu mpaka wale watafiti wa DNA ya watu wa kale wakipata fuvu wanatafuta hapo kwanza, manake DNA inahifadhika hapo hata baada ya maelfu ya miaka. Na ni kupitia mfupa huo huo neva ya uso inapita, ile inayokufanya ucheke, ufunge jicho, unywe chai bila kumwagikia kifuani, inatembea sentimita 3 hivi ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa ikipindapinda. Mbele kidogo kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwa ubongo, nyuma kuna ule unaoirudisha, juu kuna ubongo wenyewe na nyuma kuna ubongo mdogo. Hiyo sakafu yote ndio inaitwa tako la fuvu. Fikiria slabu ya ghorofa ambayo fundi wa maji na fundi wa stima wamepitisha vitu vyao mahali pamoja, zege ikamwagwa juu, mchoro ukapotea, halafu wewe unapewa drili uambiwe toboa mpaka upande ule mwingine bila kukata hata waya moja.

Hapo ndio jibu la lile swali la kwanza linaanza kuonekana. Daktari wa sikio anafika kwa ubongo kwa sababu kuna magonjwa yamejificha pale chini na njia fupi ya kuyafikia ni kupitia sikio, na mtu anayejua huo mfupa ndani nje ni yeye.

Chukua mfano wa mama anauza samaki pale Dunga. Simu akiiweka sikio la kulia anaskia vizuri, akiiweka la kushoto sauti inafika imefifia na maneno hayaeleweki. Usiku hilo sikio linavuma. Siku zingine anayumba kidogo akitembea. Hakuna maumivu, hakuna usaha, kwa hivyo anakaa nayo hivyo miaka. Mara nyingi itakuwa ni kitu kingine, lakini mara moja moja inakuwa uvimbe umeota kwa neva ya balansi, pale inapotoka sikio la ndani kuelekea kwa ubongo. Kitaalamu ni vestibula shwanoma, wengine wanauita akustiki nyuroma. Si kansa, hausambai kwenda kwa mapafu ama ini. Kwa watu 100,000 utapata mmoja ama wawili wanaogundulika nao kila mwaka, na unakua polepole, milimita 1 ama 2 kwa mwaka, mingine haikui kabisa. Shida ni mahali umekaa. Nafasi ni ndogo na ukiachwa ukawa mkubwa unaanza kusukuma shina la ubongo, penye kupumua na mapigo ya moyo yanaendeshwa, na hapo unaweza kuua.

Zamani huo uvimbe ulikuwa hukumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji wa ubongo waliingia kwa nyuma ya kichwa bila darubini, wengine wakiung'oa kwa kidole, na wagonjwa wengi walikufa. Harvey Cushing wa Marekani alipunguza vifo kwa kutoa sehemu ya ndani tu na kuacha ganda, lakini ganda lilimea tena. Mabadiliko makubwa yaliletwa na mtu wa masikio, William House wa Los Angeles, na huyo alisomea meno kwanza kabla ageukie udaktari. Darubini ya upasuaji ilikuwa imeanza kwa masikio kitambo, Carl-Olof Nylén aliitumia Sweden 1921, na drili nayo watu wa masikio walikuwa wameiazima kwa madaktari wa meno. House akachukua vyote viwili, mwanzoni mwa miaka ya 1960s akaungana na mpasuaji wa ubongo William Hitselberger, wakaanza kuingia kupitia sikio, wanakula mfupa milimita kwa milimita mpaka neva ya uso waione kwa macho kabla hawajagusa uvimbe. Vifo vikashuka sana na watu wengi zaidi wakaamka na nyuso zao zikiwa zinafanya kazi. Wapasuaji wengine wa ubongo hawakufurahia mtu wa masikio kuingia kwao, kulikuwa na vita vya maneno, lakini leo duniani kote hiyo oparesheni mara nyingi inafanywa na wawili, wa sikio na wa ubongo, wanapokezana masaa 6, 8, hata zaidi ya 10.

Hiyo njia ya kupitia sikio ina bei yake na mgonjwa lazima aambiwe mapema. Ukipita hapo unavunja vile vifereji vya balansi na kusikia kwa upande huo kumeenda kabisa. Kwa hivyo inatumika zaidi kama usikivu ulishaharibika ama uvimbe ni mkubwa. Kuna njia zingine mbili, moja ya nyuma ya sikio na moja ya juu yake, hizo zinajaribu kuokoa usikivu, na kila moja ina hatari zake. Wakati wa kazi wanaweka visindano kwa misuli ya uso na mashine inalia wakikaribia ile neva. Wakimaliza, lile shimo wamechimba linajazwa mafuta, na mafuta yanatolewa kwa tumbo la mgonjwa mwenyewe, ndio maji ya ubongo yasivuje. Mtu anaamka na bandeji kwa kichwa na kidonda kingine tumboni, kama hakuelezwa atashangaa sana. Halafu uso unapimwa kwa skeli ya hatua 6 iliyowekwa 1985, hatua ya 1 uso uko sawa, ya 6 haujongei hata kidogo, na hiyo ndio lugha moja wapasuaji wa kila nchi wanaelewana nayo.

Lakini kitu kinanivutia zaidi kwa hii kazi si kukata, ni kujua wakati wa kutokata. Mama wetu wa Dunga akipigwa MRI, ile skani ya sumaku, waone kauvimbe kadogo, anaweza kuambiwa akae, arudi baada ya miezi kadhaa apigwe ingine. Anaweza pia kutumwa kwa mionzi, ile mashine ya Lars Leksell iliyoanza Stockholm 1968 inayolenga mionzi mahali pamoja bila kupasua. Ama apasuliwe. Sasa daktari anajuaje ni gani? Hapo ndio uprofesa unaingia, na hapo ndio nataka tukae kidogo.

Denmark ni nchi ndogo na wagonjwa wa huu uvimbe wamekuwa wakiandikwa kwa rejista moja tangu katikati ya miaka ya 1970s. Wapasuaji wa kule, ambao pia ni watafiti, hawakupasua kila mtu, waliwafuata wengine miaka na miaka wakipima. 2006 wakatoa matokeo ya watu 552 walioachwa bila kuguswa: kwa wale uvimbe wao ulikuwa bado ndani ya mfereji wa mfupa, asilimia 17 tu ndio ulikua, na kwa wale ulishatoka nje ya mfereji ni asilimia 29. Yaani wengi wao walikuwa wanaweza kukaa na uvimbe wao bila kisu, angalau kwa muda huo walifuatwa. Angalia hiyo kitu vizuri. Hakuna drili ilishikwa hapo, hakuna dawa mpya, ni mtu alikaa chini akaandika na akafuatilia na akahesabu, na kwa hiyo kazi ya daftari, watu wengi ambao hatawahi kuwaona wameepuka oparesheni ya masaa 8. Ndio maana mtu akiniambia profesa ni mtu wa maneno mengi, mimi sikubali.

Watu wa Kisumu tunafaa kulielewa hili haraka kuliko wengine, manake tuna KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa matibabu, hapo Kisian na tumeona vile utafiti unaanza na watu wanaopimwa vijijini na miaka baadaye unakuwa chanjo ya malaria, ile ilizinduliwa Homa Bay 2019. Kwa masikio ni vile vile, ila hakuna mtu anapiga kelele.

Mfano mwingine nitaueleza kwa urefu kidogo kwa sababu unaonyesha vizuri mtu wa kliniki na mtu wa maabara wakikaa kwa mwili mmoja. Kulikuwa na wagonjwa wanakuja na malalamiko ya ajabu, ati wakiskia sauti kubwa dunia inazunguka, ati wakikohoa ama wakijikaza wanaona vitu vinaruka, wengine wanaskia macho yao yakigeuka, wanaskia nyayo zao zikigonga ndani ya kichwa. Mtu kama huyo huku kwetu angeambiwa nini? Wengi tungesema ni akili, ama amerogwa, na hata kule ng'ambo wengine waliambiwa ni mawazo tu. Lloyd Minor, mpasuaji wa masikio wa Johns Hopkins, alikuwa amesoma balansi kwa maabara miaka, anajua kila kifereji kikisukumwa macho yanaenda upande gani. Akaangalia macho ya hao wagonjwa wakati sauti inalia, akaona yanasogea kwa mwelekeo wa kifereji cha juu, hicho tu. Akawatuma wapigwe skani ya CT, akapata mfupa unaofunika hicho kifereji una tundu. 1998 yeye na wenzake wakauandika kama ugonjwa, na kwa sababu sababu ilijulikana, dawa yake pia ilijulikana, unaziba. Mtu aliyeitwa mwendawazimu anazibwa katundu kadogo na dunia inatulia. Minor baadaye alikuja kuwa mkuu wa chuo cha udaktari cha Stanford, lakini mimi kile naheshimu ni kwamba aliwaamini wagonjwa wake kabla hajajua wanaongea nini.

Kuna Graeme Clark pia wa Melbourne, baba yake alikuwa haskii vizuri. Alikuwa anatafuta vile waya laini unaweza kuingia ndani ya koklea bila kukwama, akiwa likizo kwa ufuo akaokota kombe la bahari lililojizungusha na kujaribu kusukuma majani ya nyasi ndani, akaona jani laini kwa ncha na gumu kwa shina linaingia mpaka ndani. 1978 akampandikiza mgonjwa wa kwanza kifaa cha kusikia cha njia nyingi, ambacho waya wake unaruka zile seli zilizokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwa neva. House naye alikuwa ametangulia na chake chepesi tangu 1961, akapingwa na wanasayansi kibao waliosema haiwezi kufanya kazi, na Marekani wakakikubali rasmi 1984. Leo vifaa hivyo vimepandikizwa zaidi ya milioni 1 duniani. Na 2024 madaktari wa Shanghai waliripoti watoto 6 waliozaliwa viziwi kwa sababu ya jeni moja ya kurithi kuharibika, wakachomwa jeni nzima ndani ya koklea, na 5 kati yao wakaanza kusikia. Aliyepitisha hiyo dawa kwa kale kadirisha ka sikio la ndani ni mpasuaji wa masikio.

Sasa safari ya kufika huko ni ndefu, na hapa sitazunguka sana. Kenya unasoma udaktari miaka 6, intanshipu mwaka 1, unafanya kazi kidogo, halafu unarudi kusomea masikio, pua na koo miaka mingine 4 ama 5, ama chuoni ama kupitia COSECSA, ile chuo cha wapasuaji wa nchi za huku kwetu ambayo inakufunza ukiwa hospitalini. Ukimaliza wewe ni daktari wa ENT kamili. Ukitaka kufika kwa tako la fuvu unaongeza feloshipu, na hiyo mara nyingi inakutoa nchini. Marekani ni miaka 4 ya digrii ya kwanza, 4 ya udaktari, 5 ya ENT, na 2 ya feloshipu, jumla 15. Baada ya hapo ndio ngazi ya chuo inaanza, mhadhiri, mhadhiri mkuu, profesa mshiriki, profesa, na huko hakuna anayekupandisha kwa sababu una mkono mzuri peke yake, wanauliza umechapisha nini, umeleta pesa gani ya utafiti, wanafunzi wako wako wapi.

Ile miaka ya katikati mtu hutumia sana akiwa ameinama juu ya mfupa wa maiti. Kuna maabara ya hiyo, meza, darubini, drili, bomba la maji na la kunyonya, na mfupa umefungwa kwa kibanio. Unatoboa ukitafuta neva ya uso, ukiikata unajua umeikata kwa mtu ambaye tayari alishakufa, unachukua mfupa mwingine unaanza tena. Wengine huanza na yai bichi, unatoa ganda kwa drili bila kupasua ile ngozi nyembamba ya ndani, ukiweza hapo ndio unapewa mfupa. Wengine hutumia kichwa cha kondoo. Siku hizi kuna mifupa ya kuchapwa na printa. Nimeona watu wakishtuka wakiskia madaktari wanatoboa maiti, lakini mimi ningetaka yule anayenipasua awe ametoboa mingi sana kabla afike kwangu, na wale waliotoa miili yao baada ya kufa kwa ajili hiyo wametufanyia kitu kikubwa.

Wiki yake basi inakaa hivi kwa ukaribu: siku moja ama mbili kliniki, siku moja ama mbili thieta, mkutano wa kuangalia skani pamoja na watu wa ubongo na wa mionzi wakibishana nani apasuliwe na nani asubiri, mihadhara, wanafunzi wa mastazi wanataka kusomewa tasnifu, kamati ya maadili inataka fomu, jarida limerudisha makala lirekebishwe, na usiku simu inalia ati yule wa juzi anavuja maji ya ubongo kwa pua. Ndio, kwa pua, manake chumba cha nyuma ya ngoma kina mfereji unaoshuka mpaka huko. Mwenzake aliyeenda praiveti amemaliza saa kumi na analipwa zaidi. Hii sifichi, watu wengi wazuri huacha uprofesa kwa sababu hiyo, na sio haki kuwalaumu.

Nirudi huku kwetu sasa, manake mtu anaweza kusema hii ni hadithi ya Los Angeles na Melbourne. Wagonjwa wengi wa masikio huku hawana uvimbe wa neva, wana sikio linatoa usaha. Mtoto wa Ahero ama Bondo linavuja tangu akiwa darasa la pili, nyumbani wanaweka mafuta moto, maji ya majani, pamba, wanasema litakauka akikua. Wakati mwingine ngoma imetoboka tu. Wakati mwingine ngozi imeingia nyuma ya ngoma na inaota humo ndani, inaitwa kolesteatoma, inanuka, na inakula mfupa polepole, inakula ile mifupa mitatu, inafikia neva ya uso, inafikia kifereji cha balansi, inapanda mpaka kwa ubongo inaleta jipu ama homa ya uti wa mgongo. Yaani lile tako la fuvu tumelizungumzia, mtoto wa Ahero analifikia bila kupenda. Na anayelisafisha ni mtu aliyefunzwa kutoboa mfupa huo huo, kwa darubini hiyo hiyo.

Na utafiti? 2005 kulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Kenya, wanafunzi zaidi ya 39,000 walipimwa masikio, wakapatikana 427 kutoka shule 141 wenye usaha wa muda mrefu, nusu wakapewa matone ya siprofloksasini na nusu matone ya boriki asidi ambayo ni rahisi zaidi kwa bei. Baada ya wiki mbili, kwa kundi la kwanza karibu 6 kati ya 10 walikuwa wamekauka, kwa la pili ni kama 3 kati ya 10. Madaktari wa Kenya na wa Uingereza waliufanya pamoja. Hiyo ndio kazi ya profesa wa masikio mahali kama hapa: kujua ni tone gani litamfaa mtoto ambaye mama yake hana pesa ya kurudi mara ya pili.

Kuna mambo mengine ya huku ambayo yanangoja mtu wa kuyafuatilia hivyo. Watu wa umri wangu wanakumbuka kwinini ilivyokuwa inafanya masikio kuvuma ukiwa na malaria. Jentamaisini inaokoa watoto wachanga lakini inaweza kuua zile seli za vinywele, na si kusema ukatae dawa, ni kusema masikio yapimwe baadaye. Fundi wa jua kali pale Kibuye anagonga mabati siku nzima, na kelele ikipita desibeli 85 kwa masaa 8 inaanza kuharibu. Homa ya uti wa mgongo nayo ina haraka yake: mtoto akipona lakini akawa kiziwi, koklea inaweza kujaa mfupa ndani ya wiki ama miezi, na ikishajaa hata kile kifaa cha Clark hakiingii vizuri. Kwa hivyo mtoto aliyetoka wodi na homa hiyo anafaa kupimwa masikio kabla aende nyumbani, na wazazi wasiambiwe tu ashukuru Mungu amepona.

Wapasuaji wa ENT nchini si wengi na wengi wako Nairobi. Anayeshika kazi huku mara nyingi ni klinikal ofisa wa ENT, na hao nawaheshimu sana, ndio wanaona sikio kwanza na wakikosea rifa basi hakuna profesa atakayesaidia. Ukiona sikio moja limepungua kusikia na lingine liko sawa, ama linavuma upande mmoja tu, ama usaha unanuka na haukauki, ama uso umelegea upande wa sikio linalouma, anza na huyo, umwambie ni upande mmoja, hilo neno upande mmoja lina uzito kwake.

Na kwa wanafunzi wa udaktari wa Maseno, wa Moi pale Eldoret, na wale wako rotesheni Nakuru mkijiuliza kama hii njia inawezekana mkitokea huku: kile kinaanzisha hii kazi si jengo la ghorofa kumi. Ni chumba chenye sinki, darubini moja hata ikiwa ya zamani, drili, pampu ya kunyonya, idara ya anatomia iliyo tayari kutoa mifupa, na mwalimu mmoja anayekuja kila Jumamosi. Ulizeni mkuu wenu wa idara kama icho chumba kiko, na kama hakiko, ulizeni ni nini kinakosekana, muanze na hicho.